Landrova Iliyokwenda kwa Utani

Nimo edani. Chumba changu kina dirisha moja la mbao linalotazama barazani, na kwa kuwa mjane hatoki wala haongei ovyo na wanaume, kazi yangu kubwa siku hizi ni kusikiliza. Wazee wa Kanyenye, mtaa wetu hapa Tabora, wanakuja asubuhi, wanakuja tena baada ya alasiri, wanakunywa kahawa yetu na kumsifu marehemu mume wangu, Idi. Wana sifa moja wanayoipenda kuliko zote. "Yule bwana hakuwahi kumkasirikia mtu," anasema mmoja, na wenzake wanaitikia, "Kabisa. Kabisa." Wifi yangu Tausi, dada yake Idi, ambaye amehamia kwangu anitumikie mpaka eda iishe, kila akisikia maneno hayo hunitazama aone kama nami nimeguswa. Natikisa kichwa kama mjane mwema. Lakini kifua kinanichoma, nasema wazi, na hakinichomi kwa huzuni peke yake. Ni kweli hakuwahi kukasirika. Mimi ndiye niliyeishi na hali hiyo ndani ya nyumba, na niliijua yote katika mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, mwaka ule watu walipokuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa na sisi tulipokuwa na landrova.

Landrova yenyewe ilikuwa ya Mgiriki mmoja aliyelima tumbaku upande wa Urambo, ambaye aliona mambo yamebadilika akaamua kurudi kwao. Ilikuwa fupi, ya kijivu, imebonyea ubavu wa kushoto, na nyuma ilikuwa na ndoana nene ya kuvutia trela. Idi alikuwa na ufundi lakini hakuwa na kitu mkononi. Mimi nilikuwa na dhahabu yangu ya harusi. Niliivua mwenyewe, hakuna aliyenishurutisha, nikampa akaiuze, na tangu siku ile nikawa nasema "gari langu" mbele za watu. Naye alikuwa akicheka na kusema, "Ni lake kweli, mimi hapa ni utingo wake." Wenzangu niliosoma nao chuoni walikuwa na bangili za kuonyesha kwenye maulidi, mimi nilikuwa na gari la kuvuta malori yaliyokwama. Nilitaka litutoe katika vyumba viwili vya kupanga. Zaidi ya hapo nilitaka siku moja niliendeshe mwenyewe mpaka Nzega, nimejifunga ushungi wangu vizuri, na watu waseme watakayosema. Sijapata kuwa na kitu kingine nilichokitaka kwa namna ile.

Vyumba vile viwili vilikuwa karakana. Ekseli za akiba zililala chini ya kitanda zimefungwa magunia yaliyolowa grisi. Giaboksi nzima ya landrova nyingine iliyokufa ilikaa sebuleni, na wageni waliizoea hata wakawa wanawekea vikombe juu yake. Shuka zetu zilinuka petroli, mchele ulinuka petroli, na Tausi alipokuja na kapu lake la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kutoka kijijini alilitundika juu kabisa darini ili viazi visinyonye harufu. Asubuhi tulikula matobolwa hayo kwa karanga na chai, tukiwa tumekaa kwenye kiti cha mbele cha landrova kilichong'olewa ili kishonwe, kikageuka kochi letu kwa wiki nzima. Nilikuwa na furaha. Naisema furaha hiyo kwa uchungu, maana sikupata nyingine ya aina ile, na aliyeiondoa alikuwa akila na kunywa humo humo.

Gari la kuvutia magari mengine haliumwi kama gari la kutembelea. Idi alinifundisha hivyo. Ugonjwa wake huanzia chini na nyuma, kwenye vitu ambavyo mwenye gari la kawaida anakufa hajaviona. Yeye alikuwa akilala chini ya gari kwenye mkeka, mimi niko kwenye usukani nakanyaga mafuta na kuachia, nakanyaga na kuachia, na baada ya muda masikio yangu yakafunguka. Mlio unaokuja ukiachia mafuta ni wa difu, gia za katikati ya ekseli. Mvumo unaobaki hata ukibadili gia ni wa beringi. Klachi ikiungua hunuka kama nywele zilizokaribia moto. Akisema "Zuwena, umesikia nini?" alikuwa anauliza kwa dhati, na mara nyingi tulisikia kitu kimoja. Halafu kulikuwa na kitufe cha manjano, karibu na goti la dereva, ambacho ukikibonyeza magurudumu ya mbele nayo yanaanza kuvuta. Kuhusu kitufe hicho alikuwa mkali kama sheikh. Kwenye tope na mchanga, bonyeza. Ukifika barabara ngumu, simama, kiondoe. Usipokiondoa magurudumu ya mbele na ya nyuma yatagombana, kila moja linataka kwenda mwendo wake, na kwa kuwa udongo mgumu hauyapi nafasi ya kuteleza, ugomvi unahamia ndani ya giaboksi mpaka kitu kikatike.

Mbuga ya Puge ndiyo iliyotulisha. Mvua zikianza, udongo mweusi wa kule unanyonya gurudumu mpaka kwenye ekseli, na malori ya pamba na tumbaku yalikuwa yanazama yakisubiri mtu. Nilikwenda na Idi mara nyingi nikamwona anavyofanya. Hakufunga mnyororo kabla ya kuketi na dereva wa lori, wakanywa chai yangu ya chupa, wakaulizana habari za nyumbani, hata kama yule dereva alikuwa anatukana mvua na serikali na mama yake. "Mtu mwenye hasira akikaa nyuma ya mnyororo anakanyaga breki ovyo, anakukatia ekseli," alinieleza. Akisha kumtuliza ndipo anautandikia mnyororo gunia lililoloweshwa ili ukikatika udondoke usiruke ukaua mtu, anaondoa mkanda wa feni kama kuna maji mbele, feni isije ikairushia injini maji, anabonyeza kitufe, anavuta polepole bila mshtuko. Lori linatoka kama jino lililokwisha kulegea. Nilimpenda kwa upole ule. Kumbe ilikuwa kazi, na kwenye kazi upole wake ulikuwa na mahali pake. Nyumbani haukuwa na mpaka.

Njiani kurudi, tukifika kwenye kipande cha njia ya zamani ya misafara karibu na mji, ananipa usukani. Hapo ndipo aliponisimulia kwa nini yeye, Mnyamwezi, ana watani wa pwani. Babu zao walibeba mizigo kichwani kutoka huku mpaka Bagamoyo, wakapita kwa Wazaramo wakiwa na njaa na maradhi, wakagombana nao, wakazikana nao, na mwisho wakakubaliana kutaniana. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake, akala chakula chako bila kukaribishwa, akachukua kuku wako, nawe ukacheka na siku nyingine ukamfanyia yeye. Msibani ndiye anayetawala. Anazuia maiti isitoke, anamwiga marehemu, anachekesha wafiwa mpaka wanasahau kulia. Lililo haramu ni kukasirika. Sisi watoto wa Waarabu wa Tabora hatukuwa na utani huo na mtu, kwa hiyo nilisikiliza kama hadithi, mikono yote miwili kwenye usukani.

Bwana Pazi aliingia katika maisha yetu akiwa amekwama. Alikuwa kijana wa ofisi ya serikali, Mzaramo wa upande wa Kisarawe, mcheshi, kitambi kimeanza kuchomoza. Gari la ofisi lilikuwa limezama, Idi akalitoa, na walipoulizana kabila jamaa akapiga kelele, "Kumbe wewe ni mtumwa wangu! Na nilikuwa nakushukuru bure!" Idi akamjibu kwamba Wazaramo wote ni watoto wa watu waliofufuliwa kwa uji wa Wanyamwezi. Walicheka hadi wakashikana mabega. Tangu hapo akawa mtu wa kwetu. Aliingia bila hodi, akafunua sufuria zangu. "Shemeji, leo mtumwa wangu ananilisha nini?" Nilimpakulia. Alipokuja kuomba landrova ivute tangi la maji kwenda Ulyankulu, kwa wakimbizi wa Burundi, nani angekataa? Gari lilirudi matairi yamelika na giaboksi inakoroma, maana dereva wake alibonyeza kitufe cha manjano akakiacha hapo mpaka mjini. Idi alilala chini ya gari akalitengeneza huku akimtania kwamba Wazaramo wanajua mitumbwi tu. Mimi nilikanyaga mafuta na kuachia, nikamwambia kwamba mlio haujaisha. Akasema utaisha.

Mjomba wake Idi alifia Puge. Tulikwenda na landrova, na trela nyuma limebeba masufuria na mchele wa matanga. Pazi naye alikuja kama mtani anavyotakiwa, na sina la kumlaumu kwa kuja. Wanaume walipokuwa tayari kutoa jeneza akapanda kwenye landrova, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni na kutangaza kwamba maiti haitoki mpaka ajue gari la msiba ni la nani. Watu wakapasuka kwa kicheko. Tausi akamletea jogoo, ndivyo inavyofanywa, mtani anagombolewa kwa kitu kidogo. Akamkataa jogoo. "Nataka gari! Mtumwa hana gari!" Nilikuwa nimesimama na wanawake, nikamwona Idi anasogea mbele ameshika kifua kwa heshima ya uongo, akainama. "Bwana wangu," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "mtumwa ni wako, na gari lake ni lako. Lichukue, umzike mjomba." Vigelegele. Pazi akarudisha ufunguo, maiti ikatoka, tukazika. Hakuna mzee hata mmoja pale aliyedhani gari limetolewa.

Haikupita muda, wakati watu vijijini wameanza kuhamishwa, Pazi alikuja nyumbani na dereva. Alikuwa amevaa suti ya Chou En-lai, ile ya wakubwa wa serikali, iliyopigwa pasi, na hakufunua sufuria. "Mtani," alisema huku anatabasamu, "mbele ya mjomba ulinipa. Nimekuja kuchukua changu. Operesheni ya vijiji ina watu wengi na magari machache." Nilisubiri Idi acheke, aseme jogoo yupo, akachukue jogoo. Alicheka kweli. Akaenda ukutani, akatungua ufunguo, akampa. Nilimfuata chumbani.

"Si umkatalie?"

"Nimkatalie vipi, Zuwena? Nikimkatalia nimekasirika."

"Kasirika basi!"

"Mtani hakasirikiwi. Na mashahidi ni Puge nzima."

"Angekuja na barua ya ofisi?"

Alifikiri. "Barua ningeijibu," alisema.

Nimeyageuza maneno yale kichwani kwa miaka mingi, na sasa humu edani nayageuza tena. Pazi alikuwa na ofisi, alikuwa na mihuri na karani wa kupiga chapa. Barua ingesema muda gani, nani atalipa likiharibika, na mtu angeweza kuipeleka kwa mkubwa wa Pazi kulalamika. Aliyajua yote hayo. Alichagua kicheko kwa sababu hakina pa kukatia rufaa. Watu wanaponiambia kwamba utani ni mila nzuri, iliyozima vita na kuzika watu, nawakubalia, ni nzuri. Lakini mila ile haikutungwa kwa mtu mwenye cheo upande mmoja na fundi mwenye gari moja upande wa pili. Idi angelimchukulia nini Pazi, kulipiza? Meza ya ofisi?

Malori yaliendelea kukwama. Wenye malori walikuja Kanyenye kumtafuta Idi, akawanywesha chai akawaambia gari limeazimwa. Kwenye sahani nyama ikaondoka, ikaja nsansa, mboga iliyokaushwa aliyotuletea Tausi, na Tausi mwenyewe akawa ananisihi nivumilie, eti mtani hali kitu cha mtani moja kwa moja. Giaboksi ya sebuleni ilikaa pale pale na sasa haikuwa ya kitu chochote. Idi alianza kulala mchana. Hakusema neno baya juu ya Pazi, hata usingizini, nami nililala macho nikimngoja aseme moja tu, ili nijue tuko upande mmoja.

Siku moja nikiwa natoka sokoni niliisikia landrova kabla sijaiona. Ilikuwa inakuja kwenye barabara ngumu ya katikati ya Kanyenye, inavuta trela lililojaa milango iliyong'olewa, vinu, magodoro ya majani, mabati yaliyokunjika, na juu ya vitu vyote bibi kizee ameshikilia mtungi kwa mikono miwili, hatazami kushoto wala kulia. Nyumba yake ilikuwa humo, vipande vipande. Na chini ya yote hayo nilisikia giaboksi inavyosagika. Kitufe cha manjano kilikuwa kimebonyezwa. Nilitupa kapu nikakimbia sambamba na dirisha la dereva, ushungi umeniponyoka, nikapiga kelele, "Kiondoe! Kiondoe kitufe, unaliua!" Dereva alinitambua. Akanipungia mkono, akasema kitu kwa utingo wake, wakacheka, wakapita. Yule bibi aligeuka akanitazama. Pengine alidhani namlilia yeye, na ningekuwa mtu bora ningemlilia yeye. Nilikuwa nalilia gari langu.

Lilirudi mwisho wa kiangazi, na lilirudi likiwa linavutwa. Trekta lililifikisha mlangoni kwa mnyororo mkavu usio na gunia, likaachwa limeelekea ukuta. Ganda la giaboksi lilikuwa limepasuka mpaka unaona meno ya gia ndani. Shafti ya mbele haikuwepo, tairi la akiba halikuwepo, hata kiti nilichokishona mwenyewe kilikuwa kimebadilishwa na sanduku. Pazi alikuja nyuma ya trekta kwa gari lingine, saa ya chakula. Siku ile nilikuwa nimepata kuku, Tausi alimleta, na nilikuwa nimempika kwa nazi ya kuazima kwa jirani. Wanaume wakakaa mkekani sebuleni, Idi, Pazi na majirani wawili waliovutwa na kelele za trekta. Mimi na Tausi tulikuwa nyuma ya pazia.

"Mtumwa," nilimsikia Pazi anasema, mdomo umejaa, "nimekurudishia mtumwa mwenzio. Amechoka. Mpumzishe."

Idi akacheka. Majirani wakacheka. Na pale nilipoelewa kwamba ndiyo imekwisha, kwamba hakuna litakalosemwa zaidi ya hilo, nikafikiri jambo moja kwa utulivu kabisa. Katika nyumba ile mimi peke yangu sikuwa mtani wa mtu. Hakuna mila iliyonifunga mdomo. Tausi alinishika kanga nikamwacha nayo mkononi, nikapita pazia.

"Bwana Pazi," nilisema, "mimi na wewe hatuna utani. Mimi si Mnyamwezi. Gari lile lilinunuliwa kwa dhahabu yangu, na umelivunja. Naomba ulitengeneze."

Sikupaza sauti. Pazi alibaki na tonge mkononi. Naukumbuka uso wake vizuri, na lazima nimtendee haki hata leo, kwa sababu aliona haya. Kicheko kilimtoka usoni akabaki kijana wa watu aliyefanya kosa. Akarudisha tonge kwenye sahani, akajifuta vidole. "Shemeji," alisema, na safari hii halikuwa neno la mzaha, "sikujua kama ni lako. Kuna karakana ya serikali hapa mjini. Nitazungumza nao. Giaboksi inaweza..."

"Aa, mtani!" Idi aliingilia. Alikuwa amenyanyua mikono yote miwili, anatabasamu, jasho limemtoka juu ya mdomo. "Usimsikilize. Anatania tu huyu. Amekaa na sisi mpaka amejifunza. Kula bwana, kuku anapoa."

Pazi alinitazama. Alikuwa ananiuliza kwa macho kama ni kweli, na alikuwa tayari kwa jibu lolote, naamini hivyo mpaka leo. Nikafungua mdomo. Lakini Idi alianza kucheka, kwa sauti kubwa isiyo yake, majirani wakamfuata kwa kumwonea huruma, na kila neno ambalo ningelisema baada ya hapo lingekuwa sehemu ya kicheko chao. Pazi akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Loo, shemeji," alisema, "umeniweza leo!" Akanyoosha mkono kwenye sahani akachagua paja. Idi akanigeukia, bado anacheka, macho yake yananisihi kama ya mtu anayezama, akaniambia nilete maji ya kunawa.

Nikayaleta.